Aliyezima Swichi

Penseli alikuwa na kiti chake kanisani, kile cha ukutani, karibu na dirisha lisilofunga vizuri. Watu walidhani amekipendea upepo. Wapi! Alikipendea nguzo. Mdogo wake akisimama mbele kutoa ushuhuda, nguzo nene ya saruji ilikuwa katikati yao, na mtu akiegama kidogo tu hivi, uso wake hauonekani.

Jina la Penseli lilitokana na ile penseli nyekundu ya useremala iliyokaa nyuma ya sikio lake mchana kutwa. Hata siku ya harusi yake alikuwa nayo, mpaka bibi harusi akaichomoa mbele ya mchungaji na kuitia mkobani huku akisonya. Alikuwa mtu wa mbao: milango, vitanda, madawati ya shule, na majeneza yakiagizwa. Mcheshi kwa wateja, mgumu kwa mambo yake mwenyewe. Mdogo wake naye, ingawa kichwa kilishaingia mvi, mtaa mzima ulimwita Dogo, kwa sababu ndivyo kaka yake alivyomwita tangu wakifukuzana bila viatu.

Dogo alikuwa na mkono mmoja. Wa kulia uliishia kwenye kifundo, kigutu laini kilichofungwa vizuri na daktari mwenye mkono mwepesi. Aliuza misumari, bawaba na makufuli katika duka dogo ambalo kaka yake alimjengea kwa mbao zake mwenyewe, rafu zote chini, asihangaike kupanda. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa. Na alikuwa na ushuhuda. Loo, ushuhuda ule! Makanisa ya jirani yalikuwa yakimwita aje kuutoa.

"Nilikuwa jeuri," Dogo alikuwa akisema, huku akiinua kigutu ili hata wa nyuma wakione. "Kaka yangu alinifundisha kazi. Alinionya: umeme ukikatika, zima swichi kubwa kwanza, ndipo uguse msumeno. Mimi nikajifanya najua. Sikuzima. Umeme ukarudi, mkono wangu uko kwenye meno. Mungu akauchukua mkono, akaniachia roho." Hapo akina mama walikuwa wakitoa vitambaa vyao. "Na aliyenibeba mgongoni hadi hospitali yuko hapa. Kaka, simama wakuone."

Penseli alisimama, nusu, akapunga mkono, akakaa haraka kama kiti kina moto. Watu wakanong'onezana: jamani, unyenyekevu ulioje! Unyenyekevu gani? Mtu alikuwa anakufa pale, nao wanampigia makofi.

Maana Dogo alizima.

Haya, niliseme lilivyokuwa. Siku hiyo walikuwa wawili tu karakanani, wote vijana, Dogo akipasua mbao za fremu kwenye msumeno wa meza, ule wa duara. Umeme ukakatika na kipande cha mbao kikabaki kimekwama kwenye meno. Dogo akaenda ukutani, akaishusha swichi kubwa kama alivyofundishwa, tak, akarudi. Akainama nyuma ya lundo la fremu akianza kukichokoa kile kipande kwa vidole. Penseli alikuwa nje akinawa uso. Aliporudi hakumwona mtu, akadhani mdogo wake ametoka. Kulikuwa na mpira siku hiyo, na redio yao ilikula umeme wa swichi ile ile. Kila karakana pale ilikuwa na tabia hiyo: umeme ukikatika, unaacha redio imefunguliwa, ikianza kupiga kelele unajua kazi imerudi. Penseli akaona swichi imeshuka. Akaipandisha, ili mpira usimpite.

Redio iliamka, maana umeme ulikuwa umesharudi. Na msumeno uliamka.

Aliposikia yowe la Dogo, aliishusha swichi, akamkimbilia, akavua shati, akaufunga mkono, akambeba Dogo mgongoni akikimbia na kulia kwa sauti. Hilo ni kweli, na hakuna wa kumnyang'anya. Lakini fundi viatu wa mlango wa pili alikuja mbio, akauliza huku akihema, "Hakuzima?" Na Penseli, kabla hata ya kufikiri, akajibu, "Hakuzima." Mtu anaweza kumsamehe kwa hilo. Hofu ina mdomo wake. Lakini baadaye, wodini, Dogo alifumbua macho, ulimi bado mzito kwa dawa, akamtazama kaka yake kama mtoto anayeuliza njia. "Kaka, nilizima?" Mama yao alikuwa amesimama pale pale, ameshika kanga mdomoni. Penseli akamwinamia. "Hukuzima, mdogo wangu."

Basi. Mama yao akasema, "Nilijua, huyu hasikii," na akaendelea kusema hivyo mpaka alipozikwa. Dogo akaingia kwenye pombe, mkewe akarudi kwao, na mlevi yule alikuwa akilia vilabuni akisema mikono yake ndiyo iliyomponza. Halafu akaokoka, akaacha chupa, mke akarudi. Na kila hatua Penseli alikuwepo: kwa dawa, kwa mbao za duka, kwa kumfunga Dogo kamba za viatu siku za mwanzo bila kuombwa. Watu walisema hakuna kaka kama yule. Alifanya kila kitu, isipokuwa kile kitu kimoja.

Kanisa lao lilikuwa na desturi. Kabla ya Meza ya Bwana kulikuwa na wiki ya mapatano. Mwenye neno na mwenzake alipaswa kumwendea kwa miguu yake, ana kwa ana, amweleze kosa na kuomba msamaha. Simu hairuhusiwi, wala kumtuma mtu. Ungewaona wiki hiyo wakipishana njiani kama siafu! Bibi mmoja alimwendea jirani yake akaungama kwamba alikuwa akiomba jogoo wake afe, na kwamba lile ombi limejibiwa. Mpiga kinanda alimwendea kiongozi wa kwaya akakiri kuwa hupandisha sauti makusudi ili mwenzake aonekane hajui kuimba. Wakapatana, kisha wakagombana upya juu ya sauti ipi ilikuwa sahihi. Penseli alikuwa na zamu yake kila mara: alimwendea mteja aliyemcheleweshea kitanda, wakacheka, mambo yakaisha. Jumapili akanywa kikombe kama wengine. Na aliyemletea kikombe kwenye kiti chake alikuwa Dogo.

Safari hii Dogo ndiye aliyekuja karakanani, alasiri, Penseli akipiga randa mlango wa mteja. Dogo hakupenda kuingia mle. Aliketi kwenye benchi lisilopigwa rangi, akaupa msumeno mgongo, akangoja mpaka Penseli akaacha randa.

"Una nini? Shemeji mgonjwa?"

"Mzima. Kaka, nina neno na wewe, na ni la aibu."

"Wewe sema tu."

Dogo alikuwa akikisugua kigutu kwa kiganja, kama afanyavyo siku za baridi. "Kuna wazo limeniganda miaka yote hii. Alfajiri ndiyo linanishika. Naona kidole changu kwenye swichi. Naiona ikishuka, nausikia hata mlio wake. Halafu najiuliza, kama nilizima, aliyewasha ni nani? Humu tulikuwa wawili." Akaacha kukisugua kigutu. "Unaona? Nimekuwekea shaka wewe. Wewe uliyenibeba. Nakula mezani kwako, nakusimamisha kanisani wakupigie makofi, na moyoni nakuita mwongo. Nimeomba liniondoke, haliondoki. Nimekuja unisamehe."

Jamani, huo ulikuwa mlango wazi kabisa, bawaba zimetiwa mafuta, na seremala mwenyewe ndiye aliyetakiwa kupita. Neno moja tu! Penseli alifungua mdomo. Aliuona uso wa mama yao, akaliona kanisa zima, akamwona mkewe na wanawe wakisikia. 

"Yameisha, Dogo," akasema. "Nimekusamehe."

Dogo akaangua kilio. Alimwegemea kaka yake begani, akamshukuru, akamwambia hajui ni mzigo gani amemtua. Kisha akaomba wasali, na Penseli akapiga magoti juu ya maranda, akasikia mdogo wake akimshukuru Mungu kwa kumpa kaka mwenye moyo mweupe. Walipofika pale kwenye Sala ya Bwana pa kusameheana makosa, ni sauti moja tu iliyokuwa ikisikika.

Dogo alipoondoka ametakata uso, Penseli alirudi kwenye ule mlango. Alipiga randa, akapiga randa, akili haipo. Mkewe alipokuja kumwita chakula alimkuta ameupunguza upande mmoja mpaka haukufaa hata kwa kabati.

"Baba, huo mlango umekukosea nini?"

"Sijisikii vizuri."

Hakula. Usingizi haukuja. Kesho yake alipima mbao moja mara tatu, na kila mara akapata kipimo kingine. Alijua kuwa amezoea kuishi na lile kosa la zamani, kama mtu anavyozoea mguu mbovu. Hili jipya halikuzoeleka. La zamani lilimtoka kwa hofu. Hili alilitenda akiwa mtu mzima, ametulia, maranda magotini, na jina la Mungu mdomoni. Jumapili Dogo angemletea kikombe. Penseli alijua hawezi kukipokea, na alijua pia kwamba akikikataa, Dogo atauliza kwa nini. Alikuwa amebanwa kote kote.

Jumamosi asubuhi alipiga moyo konde, akaiacha penseli juu ya meza, akaenda dukani kwa mdogo wake. Dogo alikuwa akipima misumari kwenye mizani. Alipomwona kaka yake alitabasamu kwa wepesi wa mtu aliyelala vizuri. Hilo lilimuumiza Penseli kuliko chochote.

"Dogo, ulizima."

"Nini?"

"Siku ile. Ulizima. Mimi ndiye niliyewasha. Nilidhani umetoka. Niliwasha kwa ajili ya redio."

Dogo hakupaza sauti. Alimimina misumari polepole kutoka kwenye mizani na kuirudisha kwenye kopo lake. "Redio."

"Ndiyo."

"Kulikuwa na nini redioni?"

"Mpira."

"Nani alishinda?"

"Sijui. Sikuwahi kujua."

Dogo akatikisa kichwa, akalifunika lile kopo. "Nilikuuliza hospitali."

"Uliniuliza."

"Nikaja juzi. Nikakupigia magoti."

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Na ukanisamehe." Hapo ndipo sauti ilipopasuka. "Wewe! Ukanisamehe mimi!"

Mke wa Dogo akatokea nyuma ya pazia, unga bado mikononi. Alikuwa amesikia yote. "Nilimwacha mume wangu kwa ajili ya maneno yako," akamwambia Penseli. "Nilimwambia ni mzembe aliyejikata mwenyewe. Mama mkwe amekufa akimwita asiyesikia. Shemeji, nenda zako. Nenda kabla sijasahau kuwa nimeokoka."

"Shemeji, nimekuja..."

"Nenda!"

Alikuwa ameshafika barabarani Dogo alipomwita. Hakutoka. Alisimama mlangoni, ameegemea mbao za kaka yake.

"Na ushuhuda wangu je? Makanisa yote yale. Nimesimama mbele za watu nikisema sikuzima. Mkono ulikwenda, nikasema sawa, ninao huo ushuhuda. Leo nao umekwenda. Sasa nina nini, kaka?"

Penseli akageukia njia ya nyumbani. Alikwenda kwa mkewe, akamweleza naye. Mkewe alikaa chini, kisha akasema tu, "Kumbe ndiyo sababu ya nguzo." Hakumtukana. Ingekuwa nafuu angemtukana.

Jumapili Penseli hakwenda kwenye kiti chake. Alikaa kwenye benchi la nyuma kabisa, la wale wasioshiriki Meza: watoto, wageni, na mwanamume mmoja mwenye kesi na ndugu zake. Watu waligeuka kumtazama. Mkewe alikuja akakaa naye, akaichomoa ile penseli nyekundu iliyokuwa imerudi sikioni kwake, akaitia mkobani, na hakusonya.

Dogo alikuwepo. Mashavu yamebonyea, shati jeupe limepigwa pasi kama kawaida. Mchungaji alipomwita kwa ushuhuda mfupi, maana kulikuwa na wageni, Dogo alitikisa kichwa bila kuinuka. Minong'ono ikapita. Mchungaji akakohoa, akaendelea na ibada.

Kisha ikaja Meza. Dogo hakuomba kupumzishwa. Alichukua sinia la vikombe kama siku zote, akaliegemeza kwenye kigutu na kulishika kwa mkono wa kushoto. Kwa ajili hiyo hakuweza kujinywea mwenyewe. Sinia likimaliza safari yake, mke wa mchungaji alikuwa akiinuka na kumnywesha kikombe chake, na watu walishazoea. Alipita mstari kwa mstari. Vikombe vililia kidogo safari hii. Alipomaliza mstari wa mwisho alitakiwa kugeuka. Hakugeuka. Alikuja mpaka benchi la nyuma, akasimama mbele ya kaka yake.

"Chukua," akasema chini chini.

"Siwezi, Dogo."

"Najua huwezi. Simama basi, useme."

"Niseme nini?"

"Nani alizima."

Penseli alisimama. Safari hii alisimama wima kabisa, si nusu. Kinanda kikanyamaza. Hakukuwa na nguzo pale nyuma, kila mtu alimwona.

"Dogo alizima," akasema. Akaanza upya, kwa sauti zaidi. "Dogo alizima swichi, kama nilivyomfundisha. Mimi ndiye niliyewasha, na mkono wake uko ndani. Aliponiuliza, nikamdanganya. Nikamdanganya mama yetu pia, mpaka akafa. Ninyi mliponisimamisha, nilisimama. Na juzi amekuja kuniomba msamaha kwa kunishuku, nikampa huo msamaha. Nimemkosea Mungu, na nimemkosea huyu. Nanyi pia."

Hakuna aliyesema amina. Bibi wa jogoo alishika kichwa. Nyuma ya kinanda mtu mmoja alisema "Mungu wangu!" kwa sauti ambayo hakukusudia isikike.

Dogo alikuwa akilia, machozi yanamwangukia kwenye sinia, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Nilizima," akasema. Akalisema tena kwa kanisa zima, huku ameinua uso. "Nilizima mimi!" Mkewe, kule upande wa akina mama, alijiinamia akalia kwa kwikwi.

 Mchungaji alipiga hatua moja, akafikiri, akarudi alipokuwa.

"Kaka, nisikilize," Dogo akasema. "Tangu jana namwambia Mungu siwezi. Hata sasa, nikikutazama, siwezi. Hasira ninayo, na sijui itakaa mpaka lini, kwa hiyo usije dukani mpaka nikuite. Lakini mimi nimesamehewa mengi, tena nikiwa mlevi nisiyestahili hata salamu. Siwezi kuzunguka na hili sinia na kukuruka wewe. Nimekusamehe. Nakusamehe nikiwa na hasira hivi hivi. Chukua."

Penseli alichukua kikombe, akanywa. Kilikuwa kidogo kama kifuniko cha chupa.

Kilibaki kikombe kimoja kwenye sinia. Mke wa mchungaji alikuwa ameshainuka mbele, kama desturi, lakini Dogo alimtikisia kichwa, naye akakaa.

"Changu bado," akamwambia kaka yake. "Mikono yangu haina nafasi."

Penseli alinyoosha mkono wa kushoto, ndio uliokuwa karibu.

"Wa kulia, kaka," Dogo akasema.

Penseli akabadilisha. Akakiinua kikombe kwa mkono wa kulia, ule ule uliopandisha swichi, akakifikisha kwenye midomo ya mdogo wake. Divai kidogo ikamchuruzika Dogo kidevuni, na Penseli akamfuta kwa kiganja, kama alivyokuwa akimfuta walipokuwa watoto.